Kigoda cha Mpiga Picha

Jumanne ile ya kwanza, mpiga picha alipovua viatu mlangoni pa chumba cha watoto bila kuambiwa, akavipanga vizuri vidole vikitazama nje, Shangazi Geti alijisemea moyoni kwamba huyu ni mtu aliyezoea kukimbia.

Alikuwa amemsindikiza kutoka getini mpaka pale, ingawa kazi yake ilikuwa kukaa kibandani. Na alichokiona kilimzidishia mashaka. Yule mtu hakutoa kamera. Alitandika mkeka mdogo, akaketi, akatoa kengele ya ukubwa wa ngumi ya mtoto, akaigonga mara moja. Kisha akatoa nyani wa kitambaa mwenye mkia mrefu, akamkalisha kwenye kigoda, akamwuliza habari za nyumbani. Watoto walimtazama kwa mbali, vidole midomoni. Akagonga kengele tena, akamrudisha nyani mkobani, akavaa viatu, akaaga, akaenda zake.

"Mpiga picha asiyepiga picha," Shangazi alimwambia Dada Mlezi, binti aliyewatunza wale watoto. "Hebu niambie, huyo ni mpiga picha au ni kitu gani?"

Dada Mlezi alicheka. Shangazi hakucheka. Watu wa kiwanda kile walikuwa wamecheka sana huko nyuma, na yeye alikumbuka kila kicheko kiliishia wapi.

Jina la Shangazi Geti alipewa na washonaji, kwa sababu hakuna kilichoingia wala kutoka bila kupita machoni pake. Zamani naye alikuwa mshonaji wa kola, mpaka goti lilipogoma kukanyaga cherehani. Na chumba kile cha watoto alikijua kuliko waliokijenga, maana hakikuletwa na huruma ya mtu. Kililetwa na wanawake waliokaa sakafuni kando ya mashine zilizozimwa, wakasema hawaondoki mpaka watoto wao waache kulala chini ya meza, katikati ya nyuzi na vumbi la pamba.

Siku zile za mgomo alikuja mpiga picha mwingine, kijana mwenye ulimi wa asali. Alisema ametumwa na gazeti. Inueni nyuso, mama zangu, dunia iwaone! Wakainua. Dunia haikuwaona. Aliyewaona alikuwa meneja, maana wiki iliyofuata waliitwa mmoja mmoja, na ile picha ilikuwa imelala mezani pake, nyuso zimezungushiwa wino mwekundu. Wifi yake Shangazi alikuwa mmoja wa waliozungushiwa. Alitoka siku hiyohiyo akiwa na mkoba wake na mwanawe mgongoni. Chumba kilipatikana baadaye, kwa kuwa mashine zilikuwa zimenyamaza mno, lakini mtoto wa wifi hakukikanyaga. Tangu hapo, kwa Shangazi, kamera ilikuwa jicho la ofisi lililotembea kwa miguu.

Sasa ofisi ilikuwa inakinyemelea kile chumba. Hawakusema wanakichukua. Watu wa namna ile hawasemi. Walisema wanaazima kipembe cha kuwekea maboksi ya vitambaa, kwa muda tu. Shangazi aliyajua maneno hayo "kwa muda tu," aliyajua yana meno. Bintiye alikuwa mshonaji wa mikono ya mashati, na mjukuu wake, mtoto wa bintiye, alishinda ndani ya chumba kile. Walimwita Kifaranga kwa jinsi alivyopenda kujificha chini ya kanga ya mtu yeyote aliyekuwa karibu. Chumba kikienda, ama bintiye aache mashine, ama Kifaranga arudi chini ya meza alikolala mama yake alipokuwa mdogo. Hakukuwa na njia ya tatu.

Na mpiga picha huyu aliletwa na nani? Aliletwa na Bwana Tai, afisa wa mawasiliano, aliyeitwa hivyo kwa tai aliyoifunga hata siku za joto la kuyeyusha nta. Wanunuzi wa mashati walikuwa wanatarajiwa. Bwana Tai alitaka bango kubwa la watoto wanaocheka. Shangazi hakuhitaji kuelezwa zaidi. Watoto wakishacheka ukutani kwa ukubwa wa mlango, nani atauliza chumba chao kimebaki na upana gani?

Basi akamkalia macho yule mtu.

Jumanne iliyofuata alikuja saa ileile. Akavua viatu vilevile, vidole nje. Mkeka. Kengele. Nyani, ambaye watoto walikuwa wameshampa jina, Bwana Mkia. Safari hii kamera ilitoka, ikalazwa mkekani kama mgonjwa, watoto wakaja kuigusa, wakainusa, mmoja akailamba. Jumanne nyingine akampiga picha Bwana Mkia, akamwonyesha picha yake, na Bwana Mkia akainama kushukuru. Kisha kigoda kikaachwa wazi. Hakumwita mtu, hakumbembeleza mtu. Walipokuja wakakaa, aliwapiga picha. Wasipokuja, aligonga kengele, akafunga mkoba, akaondoka.

Kigoda nacho hakikusogea. Chini yake alibandika msalaba wa utepe sakafuni, karibu na dirisha la mlangoni penye mwanga, na kila Jumanne miguu ya kigoda ilirudi palepale. Yeye alikaa upande mmoja tu, akielekea ukuta wa mbali. Ukimtazama ungedhani ni mashine iliyofungwa kwa nati.

Ilikuwa desturi hiyohiyo iliyomtia Shangazi baridi. Aliwahi kuona watu wanavyozoeza njiwa: nafaka ileile, mluzi uleule, mkono uleule, na siku moja mkono unafumba. Akamsimamisha getini akitoka.

"Hebu nieleweshe, bwana picha. Kazi ya asubuhi moja wewe unaifanya msimu mzima. Unawazoeza hawa watoto wamfanyie nani nini?"

Mpiga picha alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na walio wafupi. Alimjibu bila kukasirika, na hilo nalo Shangazi hakulipenda.

"Shangazi, mtoto wa umri huu haogopi kamera. Anaogopa kutojua kinachofuata. Akishajua kwamba baada ya kengele ni Bwana Mkia, baada ya Bwana Mkia ni yeye, na baada yake ni kengele tena na mimi naondoka, hofu inakosa pa kukaa. Uso wake unarudi mahali pake."

"Mfungwa naye anajua kinachofuata," Shangazi akamwambia. "Umewahi kumtazama uso?"

Mpiga picha alitaka kucheka, akaona mwenzake hacheki, akaacha. Akaaga kwa adabu. Shangazi alimfuata kwa macho mpaka alipopinda kona, na hata kona yenyewe akaendelea kuitazama.

Jumanne moja aliacha kibanda chake akaingia kabisa chumbani, akasimama nyuma ya mlango, mikono kifuani. Aliitazama mikono ya yule mtu. Iligusa nini, iliingia mkobani mara ngapi, ilimwelekea nani. Hakupepesa. Siku hiyo ndipo Kifaranga, ambaye kwa majuma mengi alikuwa akichungulia kutoka nyuma ya kanga ya Dada Mlezi, alitoka peke yake. Alimchukua Bwana Mkia, akamkalisha kigodani, akangoja apigwe picha yake, akangoja ainame kushukuru. Kisha akamshusha, akapanda yeye, akaweka mikono magotini kama mtu mzima aliyeitwa barazani. Akatabasamu.

Bibi mwingine angefurahi. Shangazi alihisi kitu kimeibwa. Tabasamu lile lilikuwa la nyumbani, la wakati wa kuogeshwa, na sasa lilikuwa limeingia ndani ya kile kidude cheusi, na kidude kililipwa na ofisi.

"Bibi, nimekaa," Kifaranga alimwambia jioni, na akarudia njia nzima mpaka nyumbani. Bibi aliitikia, lakini moyo ulikuwa mbali.

Ndipo Bwana Tai alipotangaza siku. Wanunuzi wangefika Jumatano, kwa hiyo Jumanne ilikuwa ya picha zenyewe, na bango lingekuwa tayari asubuhi. Alishuka mwenyewe mpaka kibandani kumwambia Shangazi afungue geti mapema kwa ajili ya gari la aproni mpya za njano. Watoto wote wangevaa njano. Alisema kampuni ni familia. Shangazi alimjibu ndiyo bwana, kwa sauti ile ambayo washonaji waliijua na Bwana Tai hakuwahi kuijua.

Akilini mwake alikuwa ameshapata ufunguo. Yule mtu alikuwa amempa mwenyewe, pale getini, kwa ule upole wake. Watoto hawakumzoea yeye, walizoea mpangilio. Toa kipande kimoja cha mpangilio, na zile nyuso zote zitakunjika. Hakutakuwa na kicheko cha kuweka kwenye bango, na pasipo bango, ofisi haitakuwa na kifuniko cha kufunikia sufuria yake.

Pale kiwandani palikuwa na sheria ya chuma. Tangu mikasi ilipopotea, hakuna chuma kilichoruhusiwa kupita geti bila kibali cha ofisi. Wanawake walinyang'anywa hata vijiko vyao vya chakula. Kamera ilikuwa na kibali. Miguu ya kamera ilikuwa na kibali. Kengele haikuwa nacho, kwa sababu hakuna aliyeikumbuka, na Shangazi alikuwa akiiachia ipite kwa hisani yake tu. Jumanne hiyo hisani ilikwisha.

"Hii ibaki hapa," alisema, akaishika kengele kwa vidole viwili.

"Shangazi, leo ndiyo siku yenyewe. Bila kengele hawatakaa."

"Mimi nafuata sheria, mwanangu. Sheria sikuitunga mimi."

Mpiga picha alimtazama kama mtu anayepima mwanga. Hakubishana. Aliingia na mkoba wake mwepesi, na Shangazi akaketi kibandani, kengele mapajani ameizuia kwa kiganja isilie, akasubiri.

Hakusubiri sana. Kilio kilianza na mmoja, kikaambukiza wote. Dada Mlezi alikuja mbio, aproni ya njano mkononi, akieleza kwa pumzi zilizokatika. Bwana Tai alikuwa ameingia na maputo na watu wawili ambao watoto hawakuwajua, akawavisha watoto njano kwa haraka haraka kama wanaopaki mzigo. Mpiga picha alijaribu kugonga kikombe badala ya kengele, watoto wakatazama huku na huku wakiitafuta ile yenyewe. Mmoja alisema Bwana Mkia hajasikia, basi hakai. Kifaranga alikuwa amejichimbia kati ya maboksi na hatoki.

Shangazi aliachia pumzi. Mambo yalikuwa yanakwenda alivyotaka.

"Na Tai anasemaje?" akauliza, karibu kwa raha.

Dada Mlezi alifuta uso kwa ile aproni. Kwanza hakutaka kusema, maana mkataba wake ulikuwa wa muda na alizoea kumeza maneno. Kisha akasema. Bwana Tai hakuwa amekasirika hata kidogo. Alisema haidhuru, ataleta watoto wa watu wa ofisini, wanaojua kukaa, na hawa wapelekwe nyuma kwenye banda la makopo ya rangi mpaka wageni waondoke. Halafu akakitazama chumba.

"Akasema, 'Watoto wenyewe chumba hakiwatulizi, basi ni cha nini? Wageni wakiondoka, mzigo uingie wote.' Ndivyo alivyosema, Shangazi. Nimemsikia kwa masikio yangu."

Kengele ilikuwa imekuwa nzito mapajani. Shangazi aliwahi kupigwa rungu begani na askari wa kampuni siku za mgomo, na hakukumbuka kama liliuma hivi. Alikuwa amemnyima Tai kicheko, akampa kilio, na kilio Tai alikipokea kwa mikono miwili. Kilimfaa kuliko kicheko.

Mpiga picha akatokea, amevaa soksi tu, viatu amevisahau. Shangazi alimwona akija na hasira yake ikapata pa kutua.

"Wewe ulijua," akamwambia. "Ulijua wanakitaka chumba."

"Nilijua maboksi yanasogea," mpiga picha akasema.

Alitoa bahasha mkobani, akapanga picha juu ya meza ya kibanda. Mtoto kigodani, mtoto mwingine kigodani, mwingine tena. Mahali palepale, mwanga uleule. Lakini nyuma ya mtoto wa kwanza kulikuwa na ukuta wa mbali na dirisha zima, pazia limefungwa fundo. Nyuma ya mwingine dirisha lilikuwa nusu. Nyuma ya mwingine kilibaki kipande cha fundo la pazia juu ya kadibodi. Na nyuma ya Kifaranga, aliyetabasamu mikono magotini, hakukuwa na dirisha wala ukuta. Kulikuwa na maboksi yaliyomfikia mabegani, kana kwamba yeye naye alikuwa bidhaa inayosubiri gari.

Shangazi alisimama. Alikuwamo chumbani siku ile. Alisimama mlangoni kwa macho makavu tangu kengele hadi kengele, na maboksi hakuyaona. Macho yote aliyamaliza kwenye mikono ya mtu mmoja, na nyuma yake chumba kilikuwa kinaliwa. Mama wengine hawakuwa na hata nafasi hiyo, maana sheria iliwataka wakabidhi watoto getini, wasivuke.

"Umemwonyesha nani hizi?"

"Nilimwonyesha Bwana Tai. Nilidhani atasema yaondolewe."

"Ulidhani," Shangazi akarudia, na neno lile alilitema. "Mtu mzima na mvi zako. Akasemaje?"

"Aliniambia nihamishe kigoda, mlango ndio uwe nyuma ya mtoto, maboksi yasionekane. Nikamwambia watoto wamepazoea hapo, sihamishi. Sikuwa shujaa, Shangazi. Ni kazi tu. Ukihamisha kigoda unaanza upya."

Hapo alisema kweli, na Shangazi aliiona, ila kweli hiyo haikumfanya amwamini. Mtu aliyepeleka ushahidi kwa mwizi kwanza, kwa sababu ya ujinga au kwa sababu nyingine, alibaki mtu wa kuangaliwa. Lakini muda ulikuwa unakwenda. Bwana Tai alikuwa juu ofisini akipiga simu kutafuta watoto wa kuazima.

"Kwa nini bado uko nazo hizi? Wenyewe mbona hujawapa?"

Mpiga picha alionekana kuaibika kwa mara ya kwanza. Alieleza kwamba mchezo wake una mwisho, na mwisho wenyewe ni mtoto kushikishwa picha yake aende nayo. Aliwaahidi. Ofisi ikamzuia, ikasema mpaka wageni wapite. Kila Jumanne wanamwuliza, na kila Jumanne anawaambia bado. Hilo lilikuwa linamharibia kazi, maana alikuwa amewaambia kitu na hakikufuata.

"Basi kamilisha mchezo wako," Shangazi akasema. "Leo. Nitakupa kengele, utawatuliza, utapiga hapohapo penye msalaba. Na wakati wa kutoka kila mtoto apite geti hili na picha yake mkononi."

"Wataninyima kazi."

"Huenda. Mimi pia." Akaisukuma kengele mezani. "Chagua, wanatunyemelea wote wawili."

Mpiga picha aliichukua kengele, akageuka na soksi zake. Shangazi akafuata, geti akaliachia Dada Mlezi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu apewe funguo.

Chumbani aliutazama ukuta. Mikeka ya kulalia ilikuwa imepandiana kama majani ya kitabu. Maboksi yalifika karibu na chungu cha maji. Mpiga picha aliwavua watoto aproni za njano mmoja mmoja, akarudi mlangoni, akavaa viatu vyake, akatoka nje kabisa. Shangazi alidhani amekimbia. Kisha akaingia tena, akavua viatu, akavipanga vidole nje. Alikuwa anaanza mwanzo. Mkeka. Kengele.

Kilio kikakatika kama redio iliyochomolewa waya. Nyuso zikageuka. Bwana Mkia akaketi, akapigwa picha, akainama. Kati ya maboksi kikatoka kichwa cha Kifaranga, nywele zimejaa vumbi la kadibodi, macho mekundu, na akaja moja kwa moja mpaka kwenye kigoda kwa sababu alijua kinachofuata.

Bwana Tai aliporudi alikuta watoto wanacheka. Alisimama mlangoni akapiga makofi, akasema mnaona, kumbe inawezekana. Akachungulia kwenye kamera na akakunja uso kidogo. "Hiyo nyuma tutaikata," akasema, akaenda kuwaambia watu wa bango.

Jioni king'ora kilipolia, mama walijaa getini kama kawaida, migongo imepinda, kila mmoja akimtafuta wake. Watoto wakatoka, kila mmoja ameinua picha kama tikiti. Kulikuwa na vigelegele, na utani pia. Mama mmoja alisema mwanawe amepiga picha kama mkuu wa mkoa aliyenyimwa chai. Mwingine akajibu kwamba hiyo sura ni ya baba yake, asilaumiwe mtoto. Wakawa wanabadilishana picha, wanatazama za wenzao.

Shangazi, ambaye siku zote alikuwa na la kusema, alisaga meno akanyamaza. Aliona kwamba akilisema yeye litakuwa lake. Alimtazama bintiye. Bintiye alikuwa na picha ya Kifaranga mkono huu, na ya mtoto wa jirani yake wa mashine mkono ule. Alizisogeza karibu, akazitenganisha, akazisogeza tena.

"Hili dirisha limekwenda wapi?" akauliza.

Vicheko vikapungua. Picha zikapita mkono kwa mkono, mtu akaanza kuzipanga juu ya ukuta mfupi wa geti, kuanzia dirisha zima mpaka pasipo na dirisha. Dada Mlezi aliulizwa, akatazama chini, kisha akainua uso akaeleza yote, na neno la mzigo kuingia wote alilisema mara mbili. Hawakupiga kelele. Wanawake wale wakinyamaza ndipo mtu wa kuogopa aogope.

Jumatano walifika kabla ya king'ora. Sheria ilisema mama asivuke kuelekea chumba cha watoto. Shangazi alifungua geti lote, mbao zote mbili, akasimama pembeni. Walivua kandambili, wakafunga kanga viunoni, wakapanga mstari kutoka chumbani hadi uani. Maboksi yalipita mikononi mwao kama ndoo za maji ya kuzimia moto. Mpiga picha, aliyeitwa kuwapiga picha wageni, alisimama na kamera yake, akainyanyua.

"Watoto tu," Shangazi akamwambia. "Hizi nyuso hapana."

Akaishusha.

Bwana Tai alishuka ngazi akiwa na simu sikioni. Ua ulikuwa umejaa maboksi kwenye njia ambayo magari ya wageni yangepita, na magari yenyewe yalikuwa yameshaondoka hotelini. Aliuliza nani amewaruhusu.

"Tunakipanga chumba, mkubwa," bintiye Shangazi akajibu, bila kuacha boksi lililokuwa mikononi. "Si wageni wanakuja?"

Mtu akakohoa kwa kicheko. Bwana Tai alitazama maboksi, akatazama barabara, akaanza kuwaita watu wa stoo wayahamishe upesi yasionekane. Kisha akageuka akamtazama Shangazi Geti, na Shangazi akajua kwamba jina lake limeshawekwa mahali. Alilitarajia. Chumba kilikuwa chao kwa siku hiyo na pengine kwa msimu huo, na baada ya hapo watakuja na "kwa muda tu" nyingine. Alimrudishia yale macho mpaka Tai akayaondoa ya kwake.

Chumbani sakafu ilionekana kubwa mno, yenye alama za mraba mahali maboksi yalipokaa. Mwanga ulitoka pande mbili. Watoto walisita mlangoni, hawakujua waanzie wapi. Mpiga picha alivua viatu, akatandika mkeka karibu na msalaba wake, akaweka kigoda juu ya utepe, akagonga kengele.

Kifaranga hakukaa. Alikishika kigoda kwa mikono miwili, akakiburuta, miguu yake ikipiga kelele sakafuni, akavuka chumba chote mpaka chini ya dirisha la mbali. Akarudi kumchukua Bwana Mkia. Akamkalisha. Akamtazama mpiga picha, akingoja.

Mpiga picha alibaki amepiga goti pale kwenye msalaba wake mtupu, kamera mkononi, kama mtu aliyesahau neno katikati ya sala. Alimtazama mtoto, akautazama utepe. Kisha akaukunja mkeka, akainuka, akamfuata.

Shangazi alikuwa mlangoni, mikono kifuani, macho kwenye mikono ya mpiga picha na kwenye ukuta pia.

"Ukimaliza, moja nipe mimi," akamwambia. "Kabla ya ofisi."